Shikamoo ya nusu fainali

Hivi wewe, ukikutana na mjomba wako ulingoni, unamsalimia au unamkaba?

Jumamosi nilikuwa Basotu kwenye mieleka ya kulipwa, ile ya mtoano: ukibwagwa mara moja, unarudi nyumbani. Bingwa anapewa mkataba wa mwaka mzima. Ajira, jamani! Mimi na digrii yangu tulikaa mbele kabisa.

Nusu fainali, kijana kutoka Hirbadaw akapangwa na mjomba wake. Filimbi ikalia. Kijana akainama, akanyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mjomba akajibu, akaidaka ile mikono na kumbwaga chali.

Uwanja mzima ukacheka. Kijana akapiga kelele, "Refa, nilikuwa namsalimia!"

"Na mimi nimeitikia," mjomba akasema. "Ulitaka ninyamaze?"

Refa akamwonyesha kijana njia ya kutokea. Eti rules are rules.

Seriously? Huku kwetu asiyemsalimia mkubwa hana adabu, na aliyemsalimia amekosa kazi. Nimeinama kwenye interview nyingi, I know the feeling. Waandaaji, fainali ni wiki ijayo. Rudieni kwanza pambano lile, na safari hii filimbi ipigwe baada ya marahaba.