Mabuti ya Kuangukia

Kwa miaka thelathini na mmoja Msahihishaji aliwinda makosa ya wenzake kwa kalamu nyekundu katika kiwanda cha uchapaji. Siku aliyokwenda kununua mabuti ya pikipiki, kosa lake mwenyewe lilimponyoka peupe. Halikuwa kubwa, silabi moja tu.

“Tunakwenda mwezi ujao,” alimwambia muuzaji. “Kokoto, milima, mito miwili mitatu. Siku kumi na mbili.”

Muuzaji, mwanamke wa makamo, alikuwa akichechemea. Alimwona mteja akiutazama mguu wake.

“Usione haya, mzee. Huu niliuvunja nikiendesha pikipiki na raba miguuni. Sasa nauza mabuti.”

Akamletea jozi nyeusi, ndefu mpaka chini ya goti, yenye vifungo vinne vya chuma na bamba gumu ugokoni. Msahihishaji aliingiza miguu kwa jasho, akasimama, akapiga hatua tatu kama bata aliyefungwa plasta.

“Mbona hayatembeki?”

“Haya si ya kutembea, baba. Ni ya kuangukia. Pikipiki ya kilo mia mbili ikikulalia, kifundo hakivunjiki. Mwenzako anakwenda kutafuta msaada, wewe unajilalia kivulini. Anavaa saizi gani huyo?”

“Arobaini na nne,” akajibu bila kusita.

Hapo hakudanganya. Mpanga Herufi wa kiwandani, ambaye kwa miaka tisa walichora naye njia ile kwenye karatasi zilizoharibika, alivaa arobaini na nne. Ila mwaka jana alihamia kwa binti yake, akauza pikipiki, akasema kwenye simu, “Nenda tu, kaka, utanisimulia.” Tangu hapo alikuwa akimtumia picha za maua kila asubuhi, zile ambazo mtu huzituma kwa watu mia kwa mpigo.

“Mlete naye ajaribu,” muuzaji alisema.

Msahihishaji aliinama kwenye kioo cha dukani, kifupi, cha kuonyesha miguu tu. Aliiona yake miwili.

“Na kama mtu yuko peke yake?”

“Mwendawazimu?”

“Msafiri.”

“Huyo simpi haya. Akianguka atarudi barabarani kwa miguu, hata kilomita kumi. Nampa mepesi. Kifundo yanakilinda, ugoko hivi hivi. Vyote hupati. Sasa niambie ukweli, baba, mko wangapi?”

“Nakwenda,” alisema. Neno lilitoka fupi, kama limekatwa kichwa. “Mimi. Peke yangu.”

Muuzaji hakumpa pole. Alishusha jozi ya kahawia yenye soli inayokunjika.

“Vaa haya. Tembea mpaka duka la dawa pale, urudi. Kidole kikibanwa, usijikaze kiume, niambie.”

Alifika duka la dawa. Kidole hakikubanwa. Alipogeuka alimwona muuzaji mlangoni, mikono kiunoni, akimtazama. Bila shaka alikuwa akiyachunga mabuti yake. Lakini ilikuwa zamani sana tangu mtu yeyote asimame mlangoni kumngoja Msahihishaji arudi, kwa hiyo akapunguza mwendo.