Tulikuwa tunasoma riwaya ya vita saluni kwangu Ukonga, kumbe "adui" mwenyewe yuko chini ya draya

Wakuu, nawasalimu wote, wenye bando la wiki na nyie mnaosoma kwa wifi ya jirani.

Ninachoandika hapa kimetokea mbele ya macho yangu, mikono yangu ikiwa kichwani mwa mteja. Majina nimebadilisha. Mengine ni kama yalivyokuwa, sijatia hata ndimu.

Mie ni msusi. Nina kisaluni changu Ukonga. Ndiyo, Ukonga ya gereza, na hapana, sijawahi kufungwa. Nawahi kujibu maana nawajua.

Luninga ya saluni iliungua siku moja umeme ulivyorudi kwa hasira. Sasa saluni bila luninga ni msiba. Mtu anasukwa rasta nyembamba asubuhi mpaka jioni, ataangalia nini? Wakabaki kuangaliana wenyewe, na wanawake wakiangaliana sana lazima mmoja aulize "unaniangalia nini?"

Ndipo dada mmoja wa chuo alipokuja kusuka, akaondoka akasahau kitabu. Riwaya nene, ya vita vya Kagera. Jina la kitabu nabaki nalo, mods wasije wakasema natangaza biashara.

Kwa kifupi: kuna Luteni wa kwetu, Mapunda, kajeruhiwa na kapotea na kikosi chake huko Uganda. Anafichwa na nesi wa Kiganda anaitwa Nakato, ambaye kaka yake yuko jeshi la upande wa pili. Si mnaona inakoelekea.

Tukawa tunasomeana kwa sauti. Msomaji alikuwa Bi Mwajuma, mwenye duka la kanga mlango wa pili. Mzaliwa wa Temeke, mtu wa pwani haswa, ana sauti ambayo angekuwa mwanaume wangempa msikiti.

Kituko ni kwamba Bi Mwajuma alikuwa anakichukia hicho kitabu kuliko sie wote.

"Adui ni adui," alituambia siku ya kwanza. "Huyo binti atamtilia sumu kwenye uji, nyie subirini."

Kila sura uji unaletwa. Kila sura Bi Mwajuma anashusha sauti, anatuangalia juu ya miwani, anasema haya, sasa ndio unaona. Luteni anakunywa. Luteni anapona. Bi Mwajuma anafungua ukurasa unaofuata kama mtu aliyedhulumiwa.

Na asithubutu mtu mwingine kukishika. Siku alipochelewa, mteja mmoja wa Goba alijitolea kusoma. Bi Mwajuma aliingia akamkuta katikati ya aya, akasimama mlangoni mpaka yule dada akafunga kitabu mwenyewe.

Tulikuwa tunajua kwa nini ana uchungu. Kaka yake mkubwa alikwenda vita ile, hakurudi, wala hakuletwa. Bi Mwajuma alikuwa mtoto. Kwa hiyo tulikuwa tunabishana naye kwa adabu.

Nusu ya saluni ilikuwa tim Nakato, nusu tim sumu.

Aliyekuwa habishani ni Mama Devi tu. Huyu ndiye shoga yake Bi Mwajuma wa kufa na kuzikana. Wamelea watoto pamoja, wameozesha pamoja. Mtu mzima mtaratibu, Mhaya, anakujaga kuseti nywele kila Jumamosi na kutuletea senene wa kukaanga. Mumewe, Baba Devi, ni mwanajeshi mstaafu, mfupi, tumbo limemtangulia. Huwa anamsubiri kwenye benchi nje na redio yake, hasemi na mtu.

Basi Jumamosi moja saluni imejaa. Tumefika pale Luteni anamfundisha Nakato Kiswahili ukingoni mwa mto. Mwandishi hapo kapania kwelikweli. Luteni anasema neno la kwanza nitakalokufundisha ni "moyo", anauchukua mkono wa binti anauweka kifuani kwake. Wateja wote wakaguna. Hata tim sumu iliguna.

Mama Devi alikuwa chini ya draya, macho kayafumba. Sasa mnajua mtu akiwa chini ya draya, ile mashine ya kukaushia nywele, sauti ya Bi Mwajuma itapenya ila yake mwenyewe haisikii. Anadhani ananong'ona kumbe anautangazia mtaa.

"Muongo huyo," akasema, na nadhani hata fundi baiskeli wa ng'ambo alisikia. "Mie wangu neno la kwanza alilonifundisha lilikuwa chumvi. Na alikuwa ananuka kama beberu."

Bi Mwajuma akaacha kusoma, nami nikaacha kusuka.

Mama Devi macho bado kafumba, anatabasamu peke yake. "Tena Masaka ile hakukuwa na mto wa kukaa. Kulikuwa na matope."

Nikaenda nikazima draya. Akafumbua macho, akatuona wote tumemkodolea. Mkono ukamwenda mdomoni.

Ilikuwa imeshatoka, hairudi. Akasimulia huku anajiangalia mapajani.

Wakuu, yule mama si Mhaya. Ni Mganda. Jeshi letu lilipofika kwao alikuwa binti wa kuvunja ungo juzi tu. Alisema kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya wanaokuja kuchukua. Askari akifungua mdomo kwa Kiswahili, unajua kuku ameondoka, au baiskeli, au baba.

Sasa akatokea kijana mmoja wa Kitanzania mlangoni, bunduki mgongoni, anatafuta chumvi. Na kwa vile amelelewa, kabla ya kuomba akamwangalia mama mwenye nyumba akasema, "Shikamoo, mama."

Yule mama hajawahi kulisikia hilo neno. Akajua ni amri. Akanyoosha mikono juu.

Kijana akaona mama kanyoosha mikono, naye asijue kwao ndiyo salamu inavyoitikiwa au vipi. Akanyoosha na ya kwake.

Wakabaki wamesimama hivyo, wote wawili mikono juu, mpaka binti alipotoka jikoni akashikwa na kicheko akashindwa kujizuia. Huyo binti ndiye Mama Devi. Huyo kijana ndiye yule mzee wa redio.

Tulicheka, wakuu, mteja mmoja akadondosha kioo. Tukageuka wote kuchungulia dirishani. Luteni wetu yuko kwenye benchi, kavaa kandambili, anapekecha sikio kwa kifuniko cha kalamu.

Mama Devi akaeleza kwamba alipoletwa Dar, mama mkwe alimwambia aseme ni Mhaya, maana mtaani kulikuwa na nyumba zenye msiba. Akawa Mhaya. Kiganda na Kihaya ni lugha ndugu, basi Wahaya wenyewe walivyomsikia lafudhi wakamkaribisha kwenye kikundi chao cha akina mama. Akikosea neno, kila mmoja anadhani anatoka wilaya ile nyingine. Mpaka hivi ninavyoandika ndiye katibu wao.

Tulikuwa bado tunacheka ndipo nikagundua sauti moja haimo.

Bi Mwajuma alikuwa amefunga kitabu. Akakiweka kwapani, akajitanda mtandio wake, akatoka. Hakugombana na mtu. Bora angegombana.

Mama Devi naye akainuka, akaondoka na rola kichwani. Zilinirudia baada ya siku kadhaa kwenye mfuko wa rambo, kazileta mumewe.

Kuanzia hapo saluni ikapoa. Bi Mwajuma akawa anafungua duka anapita njia ya nyuma, asikutane na mlango wangu. Mama Devi hatoki. Habari ikatembea kama kawaida ya Ukonga. Wale akina mama wa Kihaya wakaita kikao cha dharura, wakajadili, wakaamua katibu abaki, kwa kuwa hakuna mwingine anayekubali kuandika mihtasari.

Lakini mie sikuwa nawaza Wahaya. Nilikuwa nawaza wale mashoga wawili. Watu walioshikana mkono kwenye kila msiba, wanaachana uzeeni kwa sababu ya kitabu kilichosahauliwa kwenye kiti changu. Nilikuwa nasuka mistari inapinda.

Mwishowe nikaenda kwa Bi Mwajuma, kisingizio changu kitabu, wateja wanataka kujua uji umeishia wapi. Nikamkuta mkekani, kitabu kiko mapajani, macho mekundu. Nikamwambia shikamoo, nikakaa, nikaanza kupanga maneno ya kumfariji kuhusu kaka yake.

"Wamemuua," akasema.

Nikauliza nani.

"Luteni. Keshavuka mto, keshaona taa za kwao, kurasa mbili zimebaki, wanamuua. Kosa lake nini?"

Kumbe alikuwa amekimaliza peke yake. Mtu wa tim sumu, analia kwa kwikwi. Nikataka kucheka nikaogopa.

Akajifuta na ncha ya kanga. "Nimemaliza tangu jana, sina wa kumwambia. Nimezoea nikisoma, yule mwenzangu namwona anavyokunja uso." Akakifunga kitabu. "Kamwite. Na mumewe aje, nina neno naye."

Wakaja baada ya alasiri. Baba Devi kavaa koti la suti kwenye joto lile, kakaa wima ukutani kama anasubiri hukumu. Mama Devi kaketi mlangoni kabisa, tayari kwa kukimbia. Bi Mwajuma akamimina chai, akasogeza kashata, kisha akamtajia mzee jina kamili la kaka yake, akamuuliza kama alimjua huko.

Moyoni nilikuwa namwomba adanganye.

"Sikumjua, dada yangu," akasema. "Nilijua utaniuliza, nimelitafuta jina hilo njia nzima. Sinalo. Naweza kukwambia tulivyokuwa tunaishi, hilo naliweza."

"Niambie hilo," Bi Mwajuma akasema.

Basi yule mzee asiyesemaga na mtu akasema mpaka chai ikapoa. Nyimbo walizoimba, mvua, viatu vilivyowaoza miguuni. Jinsi mwenzao mmoja alivyokuwa haogopi mizinga ila akiona nyoka anarukia mgongoni mwa yeyote aliye karibu, awe hata ofisa.

Hapo Bi Mwajuma akacheka. Akasema kaka yake alikuwa anakimbia hata mjusi, mama yao ndiye aliyekuwa anamuulia.

Ndipo Mama Devi akasema kule mlangoni, polepole, "Na mie kaka yangu hakurudi. Alikuwa jeshi la upande ule."

Sikujua. Mumewe alijua, maana aliinamisha kichwa.

"Anaitwa nani?" Bi Mwajuma akauliza.

"Kizito."

Bi Mwajuma akalirudia lile jina, akatazama vikombe. Kisha akanyoosha mikono akaomba dua, akawataja wote wawili, kaka yake na Kizito. Mama Devi na mumewe, Wakristo wale, wakaitikia amina kuliko hata mie.

Alipomaliza akamgeukia shoga yake. "Miaka yote hii umeniacha niwaseme Waganda mbele yako, umekaa kimya?"

"Ulikuwa unawasema vizuri," Mama Devi akajibu. "Na mengine yalikuwa kweli."

Walicheka mpaka mzee akavua koti.

Jumamosi iliyofuata saluni ilifurika, hata wasio na nywele za kusuka walikuja. Bi Mwajuma akatuhadithia kwa kifupi tangu tulipoachia, akafungua sura ya mwisho, Mama Devi kakaa pembeni yake. Mie nilikuwa nimeshachungulia kurasa zile, nikajiandaa kwa vilio.

Bi Mwajuma akasoma. Luteni akavuka mto. Akaona taa za kwao. Akafika. Mama yake akatoka nje akamkumbatia. Vita vikaisha, akarudi kumchukua Nakato, wakaoana, wakapata watoto wanne, na yule kaka yake Nakato naye akarudi mzima, ndiye akapika pilau ya harusi.

Kuanzia pale alipofika, hakuna neno hata moja lililoandikwa mle. Alikuwa anafunua kurasa, macho kwenye mistari, kidole kinatembea, anatutungia. Mama Devi alikuwa anaona kila mstari. Akageuza uso ukutani, mabega yanamtetema, sijui ni kicheko au nini.

Wateja walipiga vigelegele. Kitabu kiko dukani kwa Bi Mwajuma, chini ya marobota ya kanga, haazimi mtu.

Nilichojifunza ni kwamba chini ya draya mtu funga mdomo. La pili naliweka hapa kwa wenye moyo: unayemwita adui huenda ndiye aliyekaa nawe msibani ulipomzika mama yako, basi ukiropoka chunga sauti.

Karibuni mseme yenu, hasa nyie ambao wazee wenu walikutana kwa njia za ajabu.

Ila kama umekisoma hicho kitabu na unajua kinavyoisha, nakuomba ukija Ukonga upite kimya kimya. Wateja wangu hawaingiagi humu.