Lisansi Nyuma ya Shule

Hasira hii ninayo mpaka leo. Nilipomaliza masomo ya kemia nilirudi Gisenyi, nikapata kazi ya miezi michache: kutundika vibomba vidogo vya kioo kwenye nguzo na kuta za mji, kuviacha siku kadhaa vikusanye hewa, kisha kuvifunga na kuvipeleka maabara Kigali. Tulitakiwa kujua mvuke wenye sumu uliomo katika hewa yetu unatoka wapi. Mkuu wetu, mtu mpole aliyekulia Goma kama wengi wetu, alikuja na jibu mfukoni. Siku ya kwanza kabisa alituambia kwamba tutakuta ni moshi wa makaa.

Mama mdogo wangu alikuwa akikaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, kwa makaa kwenye njia ya kwenda Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpaka wa Goma. Jiko lile ndilo lililonisomesha baada ya mama yangu kufariki. Mkuu aliniagiza nitundike kibomba juu ya jiko hilo hilo, nami nikatundika. Vingine viwili nilivifunga pamoja kwenye ukuta wa shule ya watoto wadogo, ambayo imepakana na kituo cha mafuta. Mwalimu wa pale alinieleza kuwa kila lori linapokuja kujaza tanki, watoto wanaokaa karibu na dirisha huumwa kichwa, na wengine hutapika. Alikwenda kulalamika kwa mwenye kituo, akaambiwa hiyo ni gesi ya ziwa.

Nimezaliwa kando ya ziwa hili. Gesi iliyomo chini ya maji yake hainuki lisansi, ndivyo tunavyoita petroli huku kwetu.

Majibu ya maabara niliyasoma nikiwa nimesimama. Moshi wa makaa na mvuke wa petroli havifanani. Kila kimoja kina mchanganyiko wake, na aliyezoea huutambua kama anavyotambua sauti ya jirani. Kwa mama mdogo moshi ulikuwapo, siwezi kukataa, hata kikohozi chake kinasema. Lakini vibomba vyote viwili vya shuleni vilijaa petroli kupita mahali pengine popote tulipopima, hata pale malori yanapounguruma yakingoja kuvuka mpaka. Nilirudi shuleni kutazama vizuri. Petroli inaposhushwa ndani ya tanki, mvuke uliomo hufukuzwa nje kwa bomba la kupumulia. Bomba la kituo kile lilikuwa limekatwa fupi, na mdomo wake uliishia chini ya dirisha la darasa.

Katika rasimu ya ripoti ya mkuu, shule haikuwamo, na wakaangaji wa barabarani ndio waliopendekezwa kuondolewa. Alisema kibomba kilikuwa na kasoro. Nilimkumbusha kwamba vilikuwa viwili na vimesema jambo moja. Akafunga mlango wa ofisi, akaongea taratibu.

"Dada, mwenye kituo ni mutu mukubwa. Mama wa sambaza, bon, atapata pahali pengine."

Hakujua ni mama yangu mdogo anayemsema. Sikumwambia. Nilichukua nakala ya majibu ya maabara, nikatoka.

Wiki iliyofuata wanawake waliokaanga kwa makaa waliondolewa barabarani na askari wa mji. Nilimkuta mama mdogo ameketi nyumbani, jiko lake limemwagiwa maji, mafuta yameganda kwenye karai. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Moshi yangu mi naiona na macho," akasema. "Ile yao, nani anaiona?"

Basi nikamwomba mwalimu anipe nafasi katika mkutano wa wazazi. Niliwasomea majibu ya maabara. Mwenye kituo, ambaye alikuwa amealikwa, alicheka akarudia habari za gesi ya ziwa, na wazazi kadhaa wakatikisa kichwa kumkubalia. Sikubishana naye. Niliwaomba waje wenyewe ukutani asubuhi ambayo lori lingeshusha mafuta.

Walikuja wachache. Lori lilipoanza kushusha, harufu ilitupiga usoni, na hewa iliyotoka kwenye bomba ikacheza kama inavyocheza juu ya moto. Baba mmoja mwenye tai, aliyecheka sana mkutanoni, alifunika pua kwa koti, akaingia darasani akamtoa mwanawe bila kuuliza ruhusa. Wengine wakawatoa wao. Siku hiyo masomo hayakuendelea.

Kabla ya mwezi kwisha bomba lilirefushwa likapita paa, na lori likapangiwa kuja watoto wakishatoka. Hakuna aliyewaomba radhi watoto wale. Ripoti ilitoka vile vile, ikilaumu makaa. Mkataba wangu haukuongezwa, na mama mdogo hakuruhusiwa kurudi barabarani. Sasa anauza sambaza mlangoni kwake, kwa majirani tu.

Juzi nilikutana na mkuu wangu wa zamani sokoni. Alinisalimu kwa furaha, akaniuliza habari za nyumbani. Nilimpita bila kuitikia, na kwa mtu aliyelelewa na mama mdogo wangu, asiyeacha salamu ya mtu yeyote bila jibu, hilo si jambo dogo.