Kamati ya ndege ilipokuja kupima pori la Mkuza

Wakuu, habari za humu.

Mnaojua umri wangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Anayebonyeza simu ni mjukuu wangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza chumvi. Mkikuta neno la kihuni humu, ni lake.

Juzi kuna mtu aliuliza humu jukwaani, wataalamu wa ndege wanakaa kwenye kamati bila kulipwa wanatafuta nini? Wengi mlicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa mjumbe wa kamati ya namna hiyo pale Kisarawe, zama za Mwingereza, miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu kijana.

Haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Kamati yetu ilikuwa ya watu wachache. Mwenyekiti alikuwa daktari mmoja wa Kizungu, mstaafu, aliyewapenda ndege kuliko wagonjwa wake, Mungu amsamehe. Alikuwepo afisa wa misitu, tukimwita Bwana Miti. Mimi niliitwa kwa kuwa nilifundisha elimu ya viumbe. Hakuna aliyepata hata senti ya nauli.

Kazi ilikuwa kushauri. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, akitaka kujua msitu upi uachwe na upi ukatwe kuni, anauliza kamati. Mtu akitaka kuua ndege awapeleke makumbusho Ulaya, anauliza kamati. Sisi tunabishana. Ukileta habari umeona ndege fulani, wenzako wanakubana mpaka unajuta kuzaliwa: ulimwona wapi, nani mwingine kamwona, una hakika gani?

Nawaambieni ukweli, nilijifunza zaidi kwenye ule ubishi kuliko chuoni.

Sasa, Mkuza. Siku hizi ni viwanja na maduka, wakati ule lilikuwa pori zito, na Kibaha yote ikihesabiwa chini ya Kisarawe. Shangazi yangu, Bi Mwanahawa, mjane asiye na mtoto, alilima kandokando ya pori lile. Mpakani mwa shamba lake palikuwa na mvule mkubwa wenye tundu, na hondohondo walizaa humo kila mwaka.

Wasiomjua hondohondo: ni ndege mkubwa mwenye mdomo mzito. Jike likitaka kutaga linaingia tunduni na kujiziba kwa udongo, unabaki ufa tu. Dume linaleta matunda na kumlisha kupitia ule ufa mpaka kinda likue. Dume likifa, wa ndani wana hatari ya kufa njaa.

Shangazi aliwapenda. Alisema lile dume lina heshima kuliko wanaume wa Mlandizi. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia jike limeingia lini na limetoka lini, nami napeleka habari kwenye kamati, bila kumwambia zinakwenda wapi. Kwa habari zake tukakata shauri: twende wenyewe Mkuza wakati wa vuli, jike likiwa ndani, tuangalie, kisha tumshauri Bwana Shauri pori lile liachwe.

Daktari alijivunia Kiswahili chake. Alimwita tarishi wa serikali akampa ujumbe kwa mdomo wake mwenyewe, apeleke kwa jumbe, mkuu wa kijiji cha Mkuza: "Mwezi ujao kamati ya ndege itakuja kupima pori."

Yeye alikuwa daktari. Kwake kupima ni kama kupima mgonjwa, uangalie hali yake. Na ndege ni ndege.

Jumbe akapiga mbiu neno kwa neno.

Wakuu, hebu jiwekeni mahali pa watu wale. Vita haijapita muda mrefu. Maneno yamezagaa kwamba huko Dar watu wamehamishwa kupisha kiwanja cha ndege, na aliyefidiwa ni mwenye miti ya kupanda. Pori halina mwenyewe. Mkorosho una mwenyewe.

Tulipofika, pori la mpakani lilikuwa jeupe. Kila nyumba ilikuwa imekata kipande chake na kupanda mikorosho michanga, mistari imenyooka kabisa. Mvule ulikuwa chini, shangazi ameukatisha kupisha mikorosho yake.

Shangazi alitupokea kwa furaha. Alikuwa amevaa kanga mpya.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Mikorosho yangu hii hapa, andikeni. Msije mkasema mjane hana kitu."

 Daktari alikuwa amepiga magoti kwenye lile tundu. Udongo ulikuwa bado haujapasuka. Akaubomoa kwa kisu, akatoa jike, kisha kinda ambalo halijaota manyoya sawasawa. Wote wamekufa.

Shangazi akaniangalia mimi.

"Mwanangu, hii si kamati ya ndege?"

"Ndiyo, shangazi. Ndege hawa."

Kanga yake mpya akaishika kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye vumbi. "Mlisema ndege," akasema. "Mlisema kupima. Mimi ningejuaje?"

Nikachuchumaa kando yake. 

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Mvule ulikuwa mti wa serikali, kuukata bila kibali ni kesi. Bwana Miti akataka shangazi ashtakiwe, liwe fundisho. Nikasimama kumtetea. Mjane yule angefungwa kwa neno ambalo hakulisema.

Daktari ndiye aliyeniokoa. Akasema kama kuna wa kushtakiwa, ni kamati, na aandikwe yeye kwanza. Tulibishana mpaka Bwana Miti akalegea. Tukaenda kwa Bwana Shauri wote pamoja, tukasema kosa ni letu. Shangazi hakuguswa.

Tangu siku hiyo kamati ikajiwekea sharti: ujumbe hautoki mpaka mtu wa mahali penyewe auseme tena mbele yetu kwa maneno yake, tusikie alichoelewa. Pori lililobaki tulilitetea, na kwa miaka kadhaa liliachwa.

Daktari alirudi Mkuza kuomba radhi. Akakaa mkekani, akasema maneno mengi ya adabu. Shangazi akamjibu, "Baba, sikukuelewa tangu mwanzo," kisha akampa uji.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa kitandani, nilimuuliza shangazi kama ametusamehe.

 Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba baada ya mti kuanguka, kabla sisi hatujafika, dume lilikuwa likija na tunda mdomoni, linazunguka pale juu palipokuwa na tundu, linaondoka, linarudi.

"Ninyi nimewasamehe," akasema. "Lile dume sijui nilifanyeje."

Ndugu zangu, kamati za wataalamu wa kujitolea zina faida, msizicheke. Bila ubishi ule mapori mengi yangekwisha mapema. Ila mtaalamu asiyeuliza amesikikaje, bora asiseme.

Mlio kwenye kamati, za ndege, za maji, za shule, semeni: neno lenu la mwisho mlilopeleka kwa watu, mnajua walisikia nini? Mjukuu atanisomea yote.