Siku Niliyomsamehe Tupokigwe

Udongo uliochomwa kwa nyasi, ukipigwa na mvua, hutoa harufu ambayo hadi leo hunirudisha utotoni. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, Mkisi, wa kabila la wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, na enzi za Wajerumani tulipanda na vyungu hadi Ndandalo, kijiji cha watu wa lugha nyingine, kuvibadilisha kwa mpunga. Nilikuwa na miaka kama tisa, nikimfuata na changu kimoja kichwani.

Kwenye kivuko cha kijito alikuwa akinisubiri Tupokigwe, binti wa mkubwa wa kijiji kile, aliyenizidi kimo na ulimi. Mama akishatangulia, yeye na wenzake walinizuia katikati ya maji.

“Sema Kikisi, tusikie ndege anavyolia.”

Nikisema, walicheka; nikinyamaza, walinirushia matope. Siku moja akarusha jiwe. Chungu kilipasuka, vigae vikanikata sikio na kunishukia mabegani, nami nikabaki nimeinua mikono kana kwamba bado nimekishika.

Mama alirudi, akaniosha damu sikioni. Nilimsihi aende kwa baba yake Tupokigwe.

“Wakitufungia njia tutakula nini, mwanangu?”

Tukaendelea kumwamkia yule binti kila tulipopita. Usiku nilimwombea mabaya. Sala hiyo niliijua kuliko zote za misheni.

Miaka ikapita, vita vya Wajerumani vikaja. Askari walikusanya wanaume wawe wapagazi, mume wangu akiwemo. Asubuhi ya kuondoka kwao, pale Itungi walipopangwa mstari, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimkimbilia mumewe na ndizi za kuchemsha. Askari akamsukuma, akaanguka, ndizi zikakanyagwa. Watu wawili watatu wakacheka. Alikuwa Tupokigwe.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu utotoni, lakini sikuona utamu wowote. Nilimwinua, nikamgawia nusu ya ndizi nilizomletea mume wangu. Askari hakuturuhusu kuwasogelea waume zetu. Tukasimama nazo mikononi, mstari ukiondoka.

“Wewe ni mtoto wa mfinyanzi,” alisema.

“Ndimi.”

“Nilikuumiza. Nisamehe, dada.”

“Nimekusamehe.”

“Ndaga,” akanishukuru kwa lugha yake, macho yake yakiwa bado njiani.

Hakuna mume aliyerudi, si wake wala wangu. Utotoni nilidhani kusamehe ni kwa mwenye nguvu, aliyeketi akiombwa. Kumbe nilisamehe siku ambayo sikuweza kumsaidia yeye, wala yeye mimi, na sote wawili hatukuweza hata kuwafikishia waume zetu chakula.