Ua Lililopewa Jina Langu

Kuna ua huko bara, milimani, linaloitwa kwa jina langu. Limeandikwa kwa Kilatini katika jarida la wataalamu wa mimea, na kwa sheria zao jina likishatangazwa halifutwi. Watu hunipongeza. Nami hutabasamu, mnafiki mkubwa mimi! Ua lile ni haki ya shangazi yangu.

Kazi yangu ni kubeba na kukausha. Wataalamu wakipanda msituni, mimi hubana mimea yao katikati ya magazeti, nikaianika, nikaiandikia vibandiko. Misimu miwili tulikuwa tukikuta mmea mmoja wa tangawizi mwitu, majani marefu, harufu kali, lakini ua hakuna. Na bila ua hawakuthubutu kutangaza kwamba ni mmea mpya. Mkuu wetu alishakata tamaa.

Nikaupiga picha, nikamtumia shangazi kwa simu, huko kwetu kisiwani Pate. Yeye alipoolewa alipelekwa milima hiyohiyo, mumewe alikuwa na duka, akakaa miaka tisa akienda msituni kuokota kuni na wanawake wa kule. Watoto hakujaliwa. Mimba tatu, zote ziliharibika. Akarudi Pate mjane, na mizizi ya dawa kikapuni. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka: "Weye na wasomi wako mna mato lakini hamuoni! Ua hutoka kabla ya majani, mvua ya kwanza ikinya. Usilitafute yuu. Litafute tini, ufukue majani makavu kwa mkono."

Nikawaambia wenzangu nimeelekezwa, tukarudi mvua zilipoanza. Nikapiga magoti, nikafukua. Lo! Lilikuwa limechomoza ardhini peke yake, bila jani hata moja, zambarau hafifu, na ndani njano. Mkuu wetu alilia, mtu mzima na ndevu zake.

Tulipokaa kunywa chai, wanaume sita, akaniuliza, "Aliyekwambia anaitwa nani? Ua litachukua jina lake."

Kwetu mwanamume hataji jina la mwanamke wa nyumbani mwake mbele ya wanaume wageni. Husema mama fulani, au watu wa nyumbani, basi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini pia kwetu jina hurithiwa na wajukuu, na shangazi hana mjukuu. Aliwahi kuniambia, "Nikifa, jina langu linafukiwa nami." Nilikumbuka maneno hayo palepale, kikombe mkononi. Wallahi nilikumbuka.

"Ni mtu wa nyumbani tu," nikasema.

"Basi tulipe jina lako, wewe ndiye uliyelifukua."

Ningeweza kukataa. Nilinyamaza, na kunyamaza kule nikakuita haya. Haya gani! Moyo ulikuwa unacheza ngoma.

Jarida lilipotoka nikaenda nyumbani. Niliteremka botini gatini Mtangawanda, nikapanda bodaboda hadi mjini Pate, na karatasi yenye mchoro wa ua nimeikunja mfukoni. Habari zilikuwa zimenitangulia. Shangazi aliutazama mchoro muda mrefu, akapapasa ua kwa kidole.

"Ndilo," akasema. "Na jina ni lako."

"Shangazi, walikuwa wanaume watupu. Nilikuwa nakusitiri."

"Nilikuomba unisitiri? Uliniuliza?"

Simu ilikuwa mfukoni siku ile, na mtandao ulikuwepo.

"Wanaweza kulifuta?"

"Halifutwi, Shangazi."

Nilitamani anitukane. Nilitamani anipige kofi kama zamani. Alivuta kanga mabegani, akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia.

"Basi enda nde, barazani," akasema. "Wanaume wametoka kusali alasiri, wamekaa. Waambie nani aliyelijua ua lile. Taja jina langu na la babangu. Mimi nitasimama hapa nyuma ya mlango nisikie. Mara moja tu, mwanangu. Hilo lanitosha."

Nikasema ndiyo. Nilitoka na nia safi, Mungu ni shahidi. Barazani walikuwa wanne, wote wananijua tangu utotoni.

"Ahaa, bwana wa ua!" mmoja akanipokea, akasogea kunipa nafasi. "Mashallah, umetutoa kimasomaso. Hebu tueleze, ulilijuaje?"

Nikafungua kinywa. Jina lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Wanne wale wakanitazama, wakingoja, wamefurahi kwa ajili yangu.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Ni rehema ya Mungu tu."

Nikaketi. Wakanimiminia kahawa. Nyuma yangu nikasikia mlango ukisukumwa taratibu, kisha komeo likatiwa.