Mpiga Video Aliyebeba Lawama Yangu

Wasomaji wangu, juzi nimeletewa habari kwamba yule mpiga video wa Kamachumu amefariki. Waitu! Mcheshi yule! Wakati wa vita alikuwa na kamera ya picha tu, anawapiga picha askari waliorudi salama. "Cheka basi, si umepona?" Nilicheka mpaka kanga ikadondoka. Kisha ukaja ule ugonjwa, naye akapata kamera ya video, na waliomwita wengi walikuwa wanaaga dunia.

Mimi nilimwita kwa ajili ya binti yangu. Alikuwa na kachanga ka kike, akasema, "Mama, asije akakua hajui sura yangu." Mpiga video akaja na baiskeli, betri moja tu, kaichajisha Bukoba. Mgonjwa nilimlaza chumba cha ndani, dirisha nimeziba na gunia la kahawa, maana siku hizo tulificha. Mpiga video akachungulia kwenye kamera, akatikisa kichwa. "Mama, hapa giza. Nikiwasha taa, betri haimalizi hata salamu. Tumtoe nje, juani." "Majirani wamwone alivyokonda?" "Basi toa gunia." "Sitoi!" Akashusha pumzi. "Kuna swichi hapa, inakuza huu mwanga kidogo, wala haili betri sana. Lakini inakuza na uchafu. Zitakuja chenga." Nikasema, zije. Binti yangu akacheka kitandani: "Kaka, piga hivyo hivyo, mama yangu mbishi." Akaongea mpaka pumzi ikamwishia. Siku tulipomzika, kijiji kizima kilikuja, kumbe wote walikuwa wanajua.

Mjukuu alipofika darasa la tano nikampeleka kwa mpiga video, alikuwa na deki na televisheni. Sauti ya mama yake ikatoka safi. Usoni chenga tupu, kama senene kwenye taa. Mtoto akasogea mpaka pua ikagusa kioo. "Mama yuko wapi hapo?" Mzee wa watu akasema, "Kamera yangu ilikuwa mbovu, mjukuu wangu. Nisamehe." Nikamwacha aseme. Mtoto hakumsalimia tena.

Jana mjukuu, sasa mama mzima, akakataa kwenda kumzika. "Aliniharibia mama." Ndipo nikamweleza la gunia. Akachukua kanga yake, akaenda msibani peke yake, na mpaka naandika hajaniongelesha. Nyie mnaoficha wagonjwa ndani, watoeni juani, majirani wawaone. Hata ukificha watakuja tu, ila watakuja kuzika.